Mjadala: Tumwalike muogeleaji mashuhuri aitetee bahari ya Tanga?

Ndugu zangu, mwenzetu mmoja ametoa hoja kwamba Tanga imwalike mwanamichezo wa kimataifa aongoze kampeni ya kuihifadhi bahari, naye amemtolea mfano Lewis Pugh, Mwingereza muogeleaji wa masafa marefu. Wengi wameipokea kwa shangwe, isipokuwa mzee mmoja wa Kigombe, kijiji cha wavuvi hapa Tanga, aliyeuliza kama mgeni huyo atakuja na samaki. Mimi naona swali la mzee ni zito kuliko lilivyochukuliwa, ingawa siikatai hoja yenyewe.

Sifa za Pugh hazina ubishi. Julai 2007 aliogelea kilomita moja katika Ncha ya Kaskazini, kwenye maji ya nyuzi 1.7 chini ya sifuri, bila vazi la kukinga baridi, na mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ukampa cheo cha Mlezi wa Bahari. Lililo kubwa zaidi ni la Bahari ya Ross, kule Antaktika. Aliogelea huko mwaka 2015, kisha akafunga safari za kwenda Moscow kuzungumza na maofisa wa Urusi, nchi iliyokuwa ikiupinga mpango wa kuihifadhi bahari hiyo. Oktoba 2016 nchi 24 pamoja na Umoja wa Ulaya zilikubaliana kulitenga eneo la kilomita za mraba milioni 1.55. Wanasayansi na wanadiplomasia walikuwa wameisukuma hoja hiyo kwa miaka mingi kabla yake, kwa hiyo si haki kumpa yeye ushindi wote, lakini alisikilizwa pale ambapo ripoti zilikuwa zimechoka kusomwa.

Hata hivyo, Bahari ya Ross haina Kigombe. Hakuna mtu anayeshusha ngalawa alfajiri ili watoto wapate kitoweo, na anayezuiwa kuvua ni mwenye meli ya kiwanda. Sisi tangu mwaka 2009 tuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yenye kilomita za mraba 552, kuanzia mlango wa Mto Pangani hadi kaskazini ya mji wa Tanga, na vijiji vimo humo humo. Silikanti ni samaki aliyedhaniwa ametoweka mamilioni ya miaka iliyopita, hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Hapa Tanga walioanza kumtoa majini, kuanzia mwaka 2004, ni wavuvi waliokuwa wametega majarife ya papa kwenye kina kirefu. Hawakumtafuta, wala hakuna anayemtamani mezani, kwani nyama yake ina mafuta mno. Mvuvi wa namna hiyo ukimwendea na kampeni ya kumfundisha kuipenda bahari, atakukaribisha kahawa kwa adabu, kisha atarudi kwenye nyavu zake.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mtoa hoja, anayetaka mgeni azunguke vijijini akihamasisha. Chukueni suala la uvuvi wa baruti. Mlipuko mmoja huua changu wakubwa pamoja na vifaranga, na huvunja matumbawe ambayo yatachukua miaka mingi kuota tena. Mvuvi wa dema, ule mtego wa samaki, analijua hilo kabla ya mtaalamu yeyote, kwa sababu dema lake ndilo linalorudi tupu. Lakini baruti hiyo haizaliwi baharini. Hutoka nchi kavu, machimboni na kwenye kazi za ujenzi, au hutengenezwa kwa mbolea na mafuta, na anayeweza kuibana njia hiyo ni mwenye dola. Mtu aliyeweza kuketi na wakubwa wa Moscow atumike kuketi na wakubwa wetu, badala ya kumpa kipaza sauti amhubirie mwenye mtumbwi.

Kuhusu vijiji, mfano tunao jirani, Mafia na Pemba, ambako wanavijiji wenyewe hukubaliana kuufunga mwamba wa pweza kwa miezi kadhaa, kisha huufungua kwa siku waliyoipanga, pweza wakiwa wamenenepa. Wanafanya hivyo bila bingwa yeyote, kwa sababu faida huonekana kwenye mizani siku ile ile.

Kwa hiyo nakubali aalikwe, kwa sharti kwamba wavuvi wa Sahare, kwenye diko wanakoshushia samaki, na wa Kigombe waandike kwanza wanachotaka kifikishwe kwa serikali, naye akabidhiwe karatasi hiyo. Namwomba mtoa hoja ajibu hapa: mwaliko huo utaandikwa na nani, na mvuvi gani ataonyeshwa kabla haujatumwa?