Deni la kadi limepita miaka minne, ila bado lipo kwenye taarifa ya mikopo. Nifanyeje?

Mpitanjia: Habari wakuu. Nipo Texas. Niliacha kulipa kadi ya benki miaka mitano iliyopita baada ya kupoteza kazi. Nasikia sheria inawapa miaka 4 tu ya kushtaki. Mbona deni bado linaonekana kwenye taarifa yangu ya mikopo? Ina maana bado wana haki ya kunipeleka mahakamani? Sipati usingizi.

Babu Kijiwe: Dawa ya deni ni kulipa. Vijana mnakopa mkicheka, kudaiwa mnanuna.

Mama Wawili: Shikamoo Babu, ila hakuuliza hilo. Mdogo wangu, hapo kuna saa mbili tofauti zinazohesabu muda. Ya mahakama inawekwa na jimbo: Texas miaka 4, New York ni 3 tangu 2022. Ya taarifa ya mikopo ni sheria ya Marekani nzima ya mwaka 1970, nayo ni miaka 7 tangu ulipoanza kushindwa kulipa, na siku 180 juu yake. Kwa hiyo deni linaweza kufa mahakamani huku likiendelea kukuchafulia jina. Kuonekana kwake si ushahidi kwamba wanaweza kushtaki.

Mpitanjia: Asante dada. Basi nakaa kimya tu, mwisho watachoka.

Fundi Saa: Mimi nilikaa kimya, wakanipigia mpaka kazini. Nikawatumia hela kidogo wanyamaze. Kumbe jimbo nililokuwepo, ukilipa hata kidogo muda unaanza upya! Wakanishtaki, na mke akanuna mwezi mzima.

Mama Wawili: Pole kaka. Texas tangu Septemba 2019, kampuni iliyonunua deni haifufui muda kwa malipo ya namna hiyo. Mpitanjia, nikuulize: kwa nini umeshtuka sasa, baada ya miaka mitano? Umeletewa kitu?

Mpitanjia: Simu tu.

Mama Wawili: Simu tu?

Mpitanjia: Na samansi. Ililetwa nyumbani wiki iliyopita. Lakini dada, kama muda umekwisha, kesi si imekufa? Niende kufanya nini? Nikijibu si nitakuwa nimekubali deni?

Mzee wa Hoja: Chai hii. Jana simu, leo samansi, kesho utasema umeshahukumiwa. Na mtu wa Texas anakosa mwanasheria mpaka aje kutuuliza sisi?

Fundi Saa: Hata mimi nimeanza kunusa tangawizi.

Mpitanjia: Nimekuja hapa kwa sababu Waswahili wa huku tunajuana wote. Nikimuuliza mmoja, Jumapili kanisa zima linajua. Asiyeamini apite.

Mama Wawili: Iwe chai au isiwe, kuna mwingine anasoma hapa akiwa na samansi kabatini. Kesi haifi yenyewe! Ukomo wa muda ni utetezi, lazima uutaje wewe kwa maandishi. Kujibu si kukiri: unakana madai, unaandika kwamba muda umepita. Mahakama za chini kabisa za Texas zinakupa siku 14 tangu kukabidhiwa. Usipojibu, wanapata hukumu ya upande mmoja, hata kwa deni ambalo hawakuruhusiwa kulishtakia.

Babu Kijiwe: Halafu wanakata mshahara.

Mama Wawili: Kwa deni la kadi Texas hawakati mshahara, Babu. Ila wakishapata hukumu wanaweza kuzuia fedha zilizo kwenye akaunti ya benki, na mshahara ukishaingia huko haulindwi tena.

Mpitanjia: Nilipanga kuwapigia kesho niwaombe wafute.

Mama Wawili: Kuwapigia hakusimamishi siku. Samansi inasema mahakama gani, na ilikabidhiwa tarehe ngapi?

Mpitanjia: Naitoa kwenye gari. Aliyeipokea ni mdogo wangu, siyo mimi.

Mzee wa Hoja: Haya, sasa kuna mdogo wake.

Mama Wawili: Itoe. Na umuulize aliipokea siku gani hasa, kabla hujaandika chochote.