Fremu ya kuchomelea Gerezani na taa za dainamo: nianzie wapi?

Mrefu wa Kigamboni

Wakuu, heshima kwenu. Nina urefu wa sentimita 191, na sehemu kubwa ni miguu. Baiskeli zote za mtumba nilizojaribu Kariakoo nikizipanda naonekana nimemnyang'anya mwanangu, na nikikata kona goti linagonga usukani. Nimeamua kutengenezesha fremu yangu ya chuma.

Kazi yangu ni ya zamu, karibu na bandari, na nyumbani ni ng'ambo. Nikitoka saa nne usiku navuka na pantoni, halafu nina kilomita kama tisa. Kipande cha mwisho hakina taa hata moja. Ni mchanga, mbuzi, na bodaboda wanaokuja upande wako. Taa za kuchaji nimeshaibiwa mbili. Ya pili ilichomolewa kwenye usukani baiskeli nikiwa nimeishika mwenyewe, foleni ya pantoni, nimegeuka kununua karanga tu. Ndiyo maana nataka dainamo, kijenereta kinachozungushwa na gurudumu, ile inayokaa ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ya mbele, taa ifungwe kwa nati, na waya zipite ndani ya bomba zisionekane.

Nimepata fundi eneo la Gerezani, hapa Dar, kazi yake mageti na maguta. Kasema laki mbili na nusu, bomba juu yangu. Ninunue bomba gani? Matundu ya waya atoboe wapi? Na hiyo habu naipata wapi hapa mjini bila kuagiza nje?

Jobu

Nunua baiskeli ya Phoenix, inua kiti, maisha yaendelee.

Mrefu wa Kigamboni

Kiti nilishainua mkuu. Bomba lake likapinda.

Fundi Mstaafu

Kijana, nimechomelea miaka thelathini na ushee, sasa macho hayautaki tena moto. Umeuliza kuanzia mkiani, nami nitakujibu kuanzia kichwani. Anza na gurudumu la mbele. Usimpe fundi hata shilingi kabla hujalishika mkononi.

Zile baiskeli za Kijapani zenye kikapu, ambazo vijana mnaziita za akina mama, nyingi zina dainamo kwenye habu. Utaijua: habu imevimba kama kopo la maziwa, na pembeni ina kidude cha plastiki cha kuchomekea waya. Shika ekseli kwa vidole uizungushe polepole. Ikienda kwa kukwamakwama, tiki tiki, usidhani ni mbovu, hizo ni sumaku. Soma maandishi yake: volti 6, wati 2.4 au 3. Umeme wake si kama wa betri, unageukageuka, na volti hupanda kadiri unavyokimbia. Kwa hiyo usije ukafunga taa ya bodaboda ya volti 12. Tafuta taa ya LED iliyotengenezwa kwa dainamo, yenye kapasita ndani, maana hiyo huendelea kuwaka kidogo hata ukisimama.

Sasa bomba. Utasikia watu wanasifia chuma cha kromoli, kile kilichochanganywa na kromu na molibdeni. Ni kizuri, ila kikiwa na unene uleule hunyumbulika sawa na chuma cha kawaida. Kinachozidi ni nguvu ya kutokatika na kutopinda moja kwa moja, ndiyo maana wanaweza kulifanya bomba jembamba na jepesi. Unene wake mara nyingi haufiki milimita moja, na fundi wa mageti akiligusa na mashine ya umeme atakutobolea dirisha. Chukua bomba jeusi la kawaida, unene wa milimita 1.5. Itakuwa nzito, ndiyo. Wewe unakwenda Kigamboni, hushindani na mtu.

Uma wa mbele USICHOMELEE. Tafuta wa baiskeli kongwe ya chuma ambao haujawahi kunyooshwa. Fremu ikipata ufa huanza kulia, utaisikia. Uma ukikatika unaamka Muhimbili.

Kabla hujalipa, mfanyie fundi mtihani wa kamba. Funga uzi pale ekseli ya nyuma inapokaa, upande wa kulia. Upeleke mbele, uuzungushe kwenye bomba la usukani, uurudishe nyuma upande wa kushoto. Kaza. Pima kwa rula nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Zikitofautiana zaidi ya milimita mbili, arudishe kwenye moto.

Mrefu wa Kigamboni

Shikamoo mzee. Nashukuru sana. Na waya? Nimefikiria nizivute ndani kwa sumaku, nikiiburuta kwa nje ya bomba.

Fundi Mstaafu

Marahaba. Sumaku itang'ang'ania bomba lenyewe, ni chuma lile! Ingiza uzi mwepesi tundu la juu, mtu avute hewa tundu la chini kwa mashine ya kufyonzea vumbi. Uzi ukitokeza, funga waya, vuta.

Matundu yakae mbali na weldi, upana wa vidole vinne au zaidi. Mara nyingi ufa hauanzii kwenye weldi yenyewe, huanzia ukingoni mwake, pale chuma kilipoungua. Kingo za tundu zipigwe tupa, na livalishwe mpira, la sivyo litakata waya ndani ya mwezi. Toboa pia kijitundu chini, karibu na pedeli, maji yatoke. Hewa ya bahari inakula fremu kutokea ndani na rangi haitakuonyesha.

Binti wa Ilala

Naongezea mawili. Mosi, nunua gurudumu zima, usinunue habu tupu. Mimi nilinunua habu ya matundu 36 nikiwa na rimu ya 32 nyumbani. Hadi leo inazuia mlango wa stoo. Pia zipo habu zenye upana usiofika milimita 100, hivyo pima kabla ya kutafuta uma. Pili, fundi asikubandikie bomba la maji lililopakwa zinki. Moshi wake ukichomelewa ni sumu, kaka yangu alilala na homa siku nzima.

Mrefu wa Kigamboni

Mrejesho. Jumamosi nimepata gurudumu zima, inchi 27, habu imevimba kama mzee alivyosema. Nimepima, milimita 92, kwa hiyo uma natafuta wa Kijapani pia. Dukani nilizungusha gurudumu kwa mkono huku nimegusisha waya za taa, ikamulika usoni kwa muuzaji mpaka akafumba macho. Alikuwa hajui. Miaka yote amekuwa akizing'oa habu hizo na kuziuza kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Amebakiwa na tatu. Sikumfafanulia sana, nataka kwanza nirudi kununua ya akiba.