Kiwanja cha makazi kubadilishwa matumizi ili kujengwa ghorofa, Raskazone

Swali: Ndugu zangu, jirani yetu hapa Raskazone, Tanga, anataka kujenga ghorofa la nyumba za kupangisha kwenye kiwanja cha ujazo mdogo (eneo la nyumba chache) kilichopimwa kwa ajili ya familia moja. Je, sisi majirani tuna nafasi ya kusikilizwa kabla kibali hakijatoka?

Jibu 1: Nafasi ipo, ila msichelewe. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, hakuna anayeruhusiwa kuendeleza ardhi iliyo ndani ya eneo la mipango bila idhini ya mamlaka ya upangaji, ambayo kwenu ni Halmashauri ya Jiji. Andikeni pingamizi kupitia serikali ya mtaa, mkataje namba ya kiwanja na kitalu.

Jibu 2: Naongeza kwamba katika pingamizi lenu, hoja ya kupoteza mandhari ni dhaifu. Ulizeni maji taka yatakwenda wapi, kwa sababu karo (shimo la maji taka) la familia moja likibebeshwa kaya nyingi hufurika, na gari la kunyonya haliwezi kugeuza katika barabara nyembamba.

Muuliza swali: Ahsanteni sana. Tutaanza na hilo la karo.