Wazee, miwani ya VR au tubaki na PS ya sebuleni? Naomba ushauri kabla ya Jumapili

Baba_Donholm:
Wazee na kina dada, habari za jioni. Naishi Donholm, nyumba ya chumba kimoja cha kulala. Sebule ni ile ya kawaida ya huku kwetu: kochi la L, meza ya kioo, tivii ukutani. Kwa miaka burudani yetu imekuwa PS4, mashine ya gemu ya Sony. Jumapili baada ya kanisa watu wanajaa, padi ni mbili, mshindi anabaki, aliyefungwa anampisha mwenzake. Kelele mpaka keyateka anagonga mlango.

Sasa juzi nilienda kwa rafiki South B akanivalisha Quest 3S, miwani ya VR inayofunika macho na kukuingiza ndani ya gemu. Nilikaa nayo kutoka chakula cha mchana hadi giza likaingia. Ukigeuza kichwa, dunia nayo inageuka. Nilisimama ukingoni mwa ghorofa ndefu, magoti yakalegea, na najua vizuri niko kwa zulia la mtu.

Swali langu ni fupi. Kuna haja gani ya kuendelea na PS ya kugombania padi wakati kitu hiki kipo? Aliyewahi kuwa na zote mbili aniambie. Bei si shida sana.

Mama_Tumaini:
Bei si shida sana, haya.
Kaka, mna mtoto hapo? Ningeanzia hapo. Kampuni yenyewe ya hizo Quest ilikuwa inasema walio chini ya miaka 13 wasitumie, halafu mwaka 2023 ikashusha hadi 10, mradi akaunti isimamiwe na mzazi. Wangu ana 8, na simu ikiachwa mezani dakika moja ameshaibeba. Kwangu wanacheza ludo na kadi. Wanaibiana, wanalia, wanakuja kushtaki, wanapatana, wanalala. Mambo ya kumfunika mtoto uso siyataki.

Kizito_wa_Zimma:
Hakuna aliyetaja watoto lakini Mama Tumaini ameshajibu 😂
Boss, hiyo ya kusimama ukingoni mwa ghorofa mbona uilipie? Njoo huku Zimmerman, balkoni yetu haina reli tangu mwaka jana. Bure kabisa.

Fundi_wa_Luthuli:
Wacha nijibu swali lenyewe, maana hivi vitu napitisha mikononi kila siku.

Kwanza nafasi. Ukitaka kutembea ndani ya gemu, wanashauri uwanja mtupu wa mita mbili kwa mbili. Kochi la L na meza ya kioo? Pima kwanza. Niliwahi kuletewa tivii ina ufa katikati, mwenye nyumba alikuwa anarusha ngumi kwa adui asiyeonekana. Unaweza kucheza ukiwa umekaa, lakini basi nusu ya utamu umeacha.

Halafu kichefuchefu. Macho yanaona unakimbia, sikio la ndani linaloshika mizani ya mwili linasema umesimama, ubongo unakataa ugomvi huo. Anza na gemu za kusimama pahali pamoja, Beat Saber kwa mfano. Ukihisi jasho baridi, vua. Usijikaze eti utazoea, utaichukia.

Na usiiache lenzi zikitazama dirisha. Lenzi inakusanya jua na kuchoma skrini, dakika chache tu. Inabaki alama ya manjano ambayo hakuna fundi wa kuitoa.

Bei: 3S ilitoka Oktoba 2024 kwa dola 299 kule Marekani. Hiyo ni kama elfu 38 kabla ya usafiri na ushuru. Ukiambiwa ni mpya na bei iko chini sana ya hapo, uliza maswali, na uliza pia warranti ni ya nani.

Lakini kwako, mtu wa sebule iliyojaa, ningesema tofauti. Si una PS4? Sony walitoa miwani yao ya kwanza mwaka 2016, ya PS4 hiyo hiyo. Kuna gemu yake ya bure inaitwa The Playroom VR: mmoja anavaa miwani anakuwa zimwi, wenzake hadi wanne wanashika padi, wanatazama tivii na kumrushia vitu. Aliyevaa hayuko peke yake, na waliokaa kwenye kochi hawachoki. Tafuta iliyotumika. Hela kidogo, na Jumapili yenu inabaki palepale.

Otis_Umoja:
Si achukue VR2, ile miwani ya pili ya Sony, moja kwa moja?

Fundi_wa_Luthuli:
VR2 ya Februari 2023 inataka PS5. Kwa PS4 haishiki.

Baba_Donholm:
Fundi asante sana, umeelezea vizuri. Ila hiyo ya kuunganisha na PS4 haitawezekana kwangu. Turudi kwa Quest.

Mzee_wa_Kaloleni:
Vijana mnanichekesha. Sisi tulicheza drafti nje ya nyumba, ubao wa kuchora na chaki, kete ni vifuniko vya soda, wengine wanavigeuza juu chini ndio timu zijulikane. Wachezaji wawili, watazamaji kumi na tano, na hao kumi na tano ndio waliokuwa mchezo wenyewe. Kulikuwa na jamaa mmoja wa reli, hakuwahi kugusa kete hata siku moja, lakini alijua kila mtu angecheza nini. Ukikosea anavuta pumzi tu, fyuuu, na uwanja wote unajua umekwisha. Alipohamishiwa Nakuru drafti ilikufa ndani ya mwezi. Sasa wewe ukivaa hiyo barakoa yako, nani atakuvutia pumzi?

Kizito_wa_Zimma:
Mzee, Quest inaweza kurusha picha kwa tivii, watazamaji wataona kila kitu. Ila kweli, kumtazama mtu akipapasa hewa hakuna cha kumvutia pumzi.

Binti_wa_Pangani:
Samahani, mbona hakuna aliyeuliza? Mwenye uzi, kwa nini PS4 "haitawezekana"? Na kwa nini ushauri uwe kabla ya Jumapili? Na hao wanaojaa Jumapili ni kina nani?

Baba_Donholm:
Dada, hayo hayahusiani na swali.

Binti_wa_Pangani:
Basi yajibu tu kwa kuwa hayahusiani.

Baba_Donholm:
Sawa. Wanaokuja ni ndugu wa mke wangu, wawili, na marafiki zao. Mke wangu naye anacheza. Anacheza sana. Ameokota mchezo kwa kaka zake tangu akiwa shule, na hapa nyumbani mshindi anabaki maana yake ni yeye anabaki. Mimi nafungwa, naenda jikoni kugeuza chapati, narudi kwa foleni, nafungwa tena. Shemeji zangu wameniita Kipa Wazi mbele ya mtoto.

Na PS4 haitawezekana kwa sababu haiko nyumbani. Niliipeleka Kayole, kuna jamaa ana chumba cha gemu, watoto wanalipa kwa mechi. Mke anajua iko kwa fundi, feni ilikuwa inapiga kelele, na hilo la feni ni kweli kabisa. Pesa alizonipa nimeshaziacha dukani za kushikia miwani.

Kabla hamjaanza: kifaa kilikuwa kimezeeka, PS4 ni ya mwaka 2013. Bei ingeshuka zaidi. Na mtu mzima ana haki ya mchezo ambao hautazamwi na shemeji zake.

Mama_Tumaini:
Kwa hivyo mtoto YUPO.

Otis_Umoja:
Umekimbia nyumba yako ukiwa ndani yake 😭😭

Fundi_wa_Luthuli:
Feni ya PS4 kupiga kelele ni vumbi na ile gundi ya kupoza prosesa iliyokauka. Kazi ya saa moja. Yaani umeuza mashine nzima kwa sababu ya vumbi.

Baba_Donholm:
Fundi, nimeeleza sababu si vumbi peke yake.

Binti_wa_Pangani:
Na kufanya mazoezi hukufikiria? Yeye akienda kazini PS ilikuwa yako. Mimi kaka yangu alinifunga mpaka nikiwa kidato cha nne, likizo moja nikakesha nayo, tangu hapo hajanitaja kwenye vikundi vya familia.

Mdadisi:
Ngojeni. Mmekula chambo wote.

Someni tena pale juu. "Kutoka chakula cha mchana hadi giza likaingia." Quest 3S betri yake ni kama saa mbili na nusu hivi. Saa sita, saba za mchana mpaka giza ni saa ngapi? Huyu hajawahi kuvaa hicho kitu. Ametaja modeli kamili, amesema bei si shida, ameweka tarehe ya mwisho kabla ya Jumapili. Kesho atatokea "rafiki" na namba ya simu anauza mpya kwenye boksi. Hii ni biashara ya mchuuzi wa mjini, na kisa cha mke ni chumvi.

Otis_Umoja:
Aisee. Na mimi nilikuwa nimeanza kumhurumia.

Kizito_wa_Zimma:
Hata kama ni uongo, Kipa Wazi ni jina zuri, nalichukua.

Baba_Donholm:
Ilikuwa kwa pawabenki! Waya ulikuwa umepita nyuma ya kichwa, pawabenki mfukoni. Muulizeni fundi kama haiwezekani.

Fundi_wa_Luthuli:
Inawezekana, watu wengi hufanya hivyo. Ila Mdadisi naye ana hoja, wiki hizi wachuuzi wamezidi humu.

Mdadisi:
Picha. Piga picha ya mahali PS ilikuwa. Sasa hivi.

Baba_Donholm:
Haya, hii hapa. [picha]

Kizito_wa_Zimma:
😂😂😂 Mstatili safi katikati ya vumbi! Waya wa HDMI unaning'inia peke yake, na pembeni kuna alama ya kikombe. Jamani hii haitungiki. Nani ataanza kumwaga vumbi kwa ajili ya uzi?

Binti_wa_Pangani:
Anayemwaga vumbi hatafuti pesa, anatafuta kitambaa. Kaka, mbona hamfuti hiyo meza?

Mdadisi:
Nakubali vumbi. Lakini kuzeni picha, kona ya kushoto chini ya gazeti. Padi moja, mbili, TATU. Uliandika padi ni mbili.

Mama_Tumaini:
Eeeh.

Baba_Donholm:
Hiyo ya tatu ni ya shemeji mkubwa. Alikuja nayo akaiacha.

Mdadisi:
Mtu huja na padi yake kwa mashine ya mwenzake na kuiacha miaka?

Baba_Donholm:
Sawa. Tulinunua PS pamoja na shemeji, nusu kwa nusu, wakati tunaoana. Lakini imekaa kwangu, stima nalipa mimi, tokeni nanunua mimi, chapati nazifanya mimi. Ukihesabu tokeni za Jumapili zote hizo, nusu yake alishaila zamani. Sidhani mtu anaweza kusema nimeuza kitu cha mtu.

Mzee_wa_Kaloleni:
Mtu anaweza kusema.

Binti_wa_Pangani:
Na pesa ya kushikia miwani, ndani yake kuna nusu ya shemeji.

Otis_Umoja:
Kumbe kabla ya Jumapili ni hiyo.

Fundi_wa_Luthuli:
Nenda Kayole usiku huu. Jamaa atataka faida, mpe. Duka nalo likikataa kurudisha pesa yote, chukua hata nusu.

Baba_Donholm:
Nilimpigia mchana. Anasema watoto wamejaa hadi mlangoni, haiuzi. Na miwani wameniambia pesa hairudi, naweza tu kumalizia.

Kwa hivyo naomba tukae kwa swali. Nikiimalizia, Jumapili nimpe shemeji mkubwa avae wa kwanza, kabla ya mimi. Akiona vile dunia inageuka, si hasira itapungua?

Kizito_wa_Zimma:
Mungu wangu, bado anainunua.

Mama_Tumaini:
Mtoto asikaribie.

Fundi_wa_Luthuli:
Toa meza ya kioo kwanza. Muwekee gemu ya kusimama pahali pamoja, usimpeleke ukingoni mwa ghorofa hata akuombe. Na mke wako avae wa pili, maana kama mikono yake iko unavyosema, kwa Beat Saber pia utaenda jikoni.