Mrejesho: Misa ya kumbukumbu ya Mama, Malindi

Asanteni nyote mlionijibu nilipouliza jinsi ya kuandaa kijitabu cha Misa ya kumbukumbu ya marehemu Mama na msalaba wa kaburi lake. Kijitabu kimetoka safi: karatasi ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa 4, kwa hiyo jumla igawanyike kwa 4, la sivyo zinabaki kurasa tupu. Kuandika wasifu wa Mama tuliwaachia wanajumuiya (waumini wenzake wa jumuiya ndogo ya Kikristo) aliozunguka nao kwa wagonjwa, na kwa kweli watoto hatukujua hata nusu ya kazi zile.

Msalaba wa chuma umeshindikana. Rangi ya kuzuia kutu ilipakwa, ila viungo vilivyochomelewa havikupigwa msasa kwanza, na chumvi ya bahari ikapenya kwenye viungo hivyo na kuleta kutu. Sasa tunaweka graniti, maandishi ya kuchongwa.