Nchi jirani zinashindana kushusha kodi: sisi tunapata nini?

Mwana Nala:
Wakuu, za mchana. Rwanda mwaka 2023 walishusha kodi ya kampuni kutoka 30% hadi 28%. Mauritius wako 15% siku nyingi. Sisi Tanzania tumeng'ang'ana na 30%. Kuna jamaa hapa Dodoma anasema tushushe na sisi, mwekezaji hana undugu. Mimi nakumbuka 2016 tulivyoweka VAT kwenye huduma za mizigo ya transiti, ile inayopita kwenda nchi jirani. Malori ya Zambia yalipungua hapa Nala mpaka bi mkubwa wangu, aliyekuwa akipika chapati sabini kwa siku, akashuka hadi ishirini. Mwaka uliofuata ikaondolewa. Sasa ushindani huu unatubeba au unatuumiza?

Utingo Mstaafu:
Malori ya Zambia yaje Nala kutafuta nini? Yakifika Morogoro yanashika Mikumi, Iringa, mpaka Tunduma. Huko kwenu yanapita ya Kigali na Bujumbura. Nimelala chini ya lori miaka kumi na moja. Njia huijui, kodi utaijulia wapi?

Mwana Nala:
Mkuu, nimekosea nchi, sijakosea chapati.

Mama Zabibu:
Mleta mada, tukishuka 28 wao watashuka 25, tutafukuzana hivyo hadi lini? Maeneo ya EPZ, yale ya viwanda vya kuuza nje, kwetu na kwa Wakenya, mwekezaji anapewa miaka 10 bila kodi ya kampuni. Mimi nina eka mbili za zabibu Hombolo. Nitishie kuhamia Kigali na mizabibu yangu? Ushuru wa mazao eti analipa mnunuzi, halafu ananikata mimi kwenye bei.

Mchumi wa Area D:
Mama, unachanganya ushuru wa halmashauri na kodi ya kampuni. Hiyo VAT ya transiti iliondolewa kwa sababu bandari ya Mombasa ipo, mizigo ingehamia huko. Serikali isiyo na mshindani ni sawa na duka moja kijijini, sukari atakuuzia bei anayoamka nayo.

Mama Zabibu:
Sichanganyi kitu. Wewe mshahara unakatwa kabla hujauona, ndiyo maana kodi kwako ni nadharia.

Mchumi wa Area D:
Mshahara wangu umeingiaje hapa? Kwanza nimejiajiri, mashine ya EFD ya kutolea risiti ninayo, karatasi zake nanunua mwenyewe.

Kichwangumu:
Mngejua ya Ireland mngenyamaza. Kodi yao ilikuwa 12.5%, makampuni makubwa ya Marekani yakajaa. 2016 Tume ya Ulaya ikasema Apple iwalipe euro bilioni 13 za kodi ambazo haikulipa. Ireland wenyewe wakaenda mahakamani kuzikataa! Septemba 2024 wakaambiwa zichukueni. Nani hapa Dodoma amewahi kufungua kesi ili asilipwe?

Utingo Mstaafu:
Ireland iko baada ya Singida?

Mchumi wa Area D:
Kichwangumu, malizia basi. Ireland ni tajiri au si tajiri?

Kichwangumu:
Tajiri, ila ina soko la Ulaya mlangoni. Na 2021 nchi zaidi ya 130 zilikubaliana makampuni makubwa yasilipe chini ya 15%. Wangeweka sakafu kama mbio hizi zina faida? Kenya wakati ule hawakukubali.

Mchumi wa Area D:
Wakenya wana akili zao. Halafu Mama Zabibu asitulize hapa, zabibu zimependelewa. Bajeti ya 2017 mvinyo wa zabibu za ndani uliwekewa ushuru wa shilingi 200 kwa lita, wa zabibu za nje zaidi ya 2,000. Huo si upendeleo?

Mama Zabibu:
Ee, nilikuwa naisubiri hiyo! 200 ni ya kiwanda, baba, siyo yangu. Msimu mmoja nilivuna, mnunuzi akasema gari inakuja kesho. Siku tatu kreti ziko chini ya mwembe, nyuki wamezifunika mpaka watoto wanaogopa kupita. Siku ya nne akaja na bei ya nusu, nikachukua. Huo unafuu wa ushuru niuonyeshe wapi? Hata ukimshushia mpaka sifuri, atakuja siku ya nne.

Mchumi wa Area D:
Hilo ni tatizo la soko, si la kodi.

Mama Zabibu:
Njoo uwaambie nyuki.

Kichwangumu:
😂😂 Mchumi, nenda kapumzike.

Mchumi wa Area D:
Hapa hakuna mjadala, kuna ushangiliaji tu. Mwana Nala, umejibiwa?

Mwana Nala:
Bado, ila kwa hapa tulipofika naogopa kuuliza tena.

Utingo Mstaafu:
Niulize mimi. Bi mkubwa bado yupo pale? Zile chapati alikuwa anaweka na maharage ya nazi?

Mwana Nala:
Yupo. Maharage yapo, nazi umemsingizia.