Mama bosi kanialika Navratri Upanga, nivae nini na nibebe nini?

DadaWaKaunta

Habari zenu wapendwa, naombeni msaada wa haraka maana siku zimebaki chache. Nauza duka la khanga na vitenge Mtaa wa Uhuru Kariakoo, mwaka wa tatu huu, bosi wangu ni mama wa Kihindi, na ni Mhindu kweli, si Bohora wala Ismailia wala Kalasinga, maana najua humu mnawachanganyaga wote. Sasa juzi tunafunga mahesabu mkwe wake akaniambia Jumamosi nisikimbilie Mbagala, wana Navratri yao, ile sikukuu ya usiku tisa, wanacheza garba, ngoma yao ya duara, usiku kwenye ukumbi huko Upanga na mama kasema nije. Mi nikajua naitwa kusaidia vyombo, nikauliza nije saa ngapi kupika, yule dada alicheka mpaka akakaa chini kwenye marobota. Akasema njoo ucheze bwana, we mgeni.

Sasa nivae nini, mi nina magauni ya kitenge tu na suruali za kazini. Na mikono mitupu siwezi, kwetu mtu haendi hivyo, nimefikiria kumbebea doti moja ya khanga. Wakinipa kile chakula chao cha ibada nile? Mi Mlutheri. Na humo ndani wanaabudu au ni muziki tu? Sitaki nifike nisimame kama nguzo ya umeme.

Mzee wa Kitumbini

Khanga umpelekee mwenye duka la khanga? Hiyo si ni kupeleka nazi Mafia binti yangu. Halafu kwa haraka yako utachukua ya juu juu usisome jina, unamkabidhi mama wa watu "Hasidi hana sababu" mbele ya ukoo mzima, Jumatatu unatafuta kazi.

Kisutu Ndani

Dada karibu sana, mi mwenyewe Mhindu nimezaliwa na kukulia hapo Kisutu, mahekalu yamepangana mtaa mmoja kiasi kwamba jioni kengele zinagongana, hujui ipi ya nani. Ngoja nikupe kama ninavyompa rafiki yangu.

Nguo: gauni la kitenge linatosha kabisa, tena refu la kumwagika ndo zuri maana utazunguka. Usivae nyeusi tupu, hakuna atakayekufukuza ila bibi zetu hawaipendi kwenye sherehe. Na mwambie huyo mkwe mapema, nakuhakikishia ana chaniya choli tatu nne kabatini, hilo ni lile sketi pana la vioo vioo na blauzi na mtandio, wanawake wetu wanapenda kuazimana hizo kuliko kuzivaa. Viatu vya kuvua haraka, usije na kamba za kufunga, mnacheza peku.

Kubeba: matunda au maua. Ndizi mbivu, machungwa, basi. Keki usibebe, ina mayai na wengi hawali, na usiku tisa hizi kuna watu wamefunga, hawagusi nafaka, vitunguu wala saumu, wanakula viazi, karanga, sabudana (vile vipunje vya wanga wa muhogo) na maziwa. Na kama kuna mtu anakusindikiza mwambie asipitie baa kwanza.

Kuhusu kuabudu, jibu ni vyote viwili na ndo uzuri wake. Ukiingia utaona katikati ya ukumbi kuna picha ya Mama yetu mungu wa kike, Durga au Amba, amekaa juu ya simba au chui milia, na pembeni kuna chungu cha udongo kimetobolewa matundu, ndani kinawaka utambi wa pamba kwenye samli. Hicho chungu ndo garbo, neno linatokana na tumbo la uzazi, na ile taa ni uhai. Sisi tunakizunguka. Kwa hiyo hata yule kijana aliyekuja kutongoza tu (wapo, tena wengi) anazunguka madhabahu bila kujua. Usiku tisa ni vita ya Mama na Mahishasura, jini lenye sura ya nyati, siku ya kumi ndo ushindi, tunaita Dussehra.

Baadaye kidogo muziki unazima, watu wanasimama, inaimbwa aarti, wimbo wa ibada ya taa, na sinia la taa linapitishwa. Wenzako watapitisha viganja juu ya moto na kujigusa uso. We simama tu kwa heshima, hakuna anayekukagua.

Binti Saidi

Mi Muislamu nimekua ghorofa moja na hawa watu Upanga, jirani yetu Ba (ndo wanavyomwita bibi) Diwali haiishi hajatugongea na sahani ya chevda na laddu imefunikwa kitambaa, na sisi Idi tunapeleka matunda na biskuti kwa sababu biriani yetu ya mbuzi hawaili, mama alishajua. Kile cha ibada kinaitwa prasad, mimi huwa sichukui, naweka mkono kifuani nasema "asante Ba, naomba uniwie radhi", anacheka ananipa chungwa ambalo halijapelekwa mbele ya mungu wao. Miaka yote hajawahi kununa. We Mlutheri muulize mchungaji wako au ifuate roho yako, ila ukichukua pokea kwa mkono wa kulia na usikitupe wala usikiache chini, hapo ndo utawaudhi.

Fundi Wiringi

Mnapamba sana. Mi nimefanya kazi kwa Mhindi miaka sita, stoo, sijawahi kuitwa hata chai, kikombe changu kilikuwa cha plastiki kimewekwa chini ya sinki peke yake. Leo mnaniambia habari za taa na chungu.

Kisutu Ndani

Kaka Fundi siwezi kubisha, vikombe hivyo nimeviona hata kwa ndugu zangu na nimewahi kugombana nao mezani, shangazi hakuongea na mimi mwezi. Ndo maana huyu mama wa Mtaa wa Uhuru kumwita dada ukumbini aje acheze si jambo la kila nyumba, nami ningemwambia aende.

DadaWaKaunta

Asanteni. Fundi pole kaka. Nguo nimeshaazimwa, ya kijani na pinki, vioo kama taa za bajaji. Kisutu Ndani naomba niulize vingine kabisa nilivyokaa navyo miaka mitatu naogopa kuuliza kazini. Pale mlangoni dukani kila Jumamosi mama anatundika limau na pilipili mbichi saba kwenye uzi, wapagazi wote wanasema ni ndumba ya kuvuta wateja, kuna mmoja hapiti chini yake anazunguka. Halafu droo ya pesa imechorwa nyekundu ile alama ya Hitler. Na mbona Diwali yenu haina tarehe, mwaka mmoja mwezi wa kumi, mwaka mwingine wa kumi na moja?

Kisutu Ndani

Hahaha ndumba. Haya. Wazee wanasema Lakshmi, mungu wa neema na mali, ana dada yake anaitwa Alakshmi, huyo ni ufukara na ugomvi, anapita mtaani anatafuta duka la kuingia. Dada mtu anapenda vikali na vichachu. Basi unamwekea chakula chake mlangoni, anakula anashiba anaenda zake, ndani anaingia mwenye neema peke yake. Ni kumlisha mgeni mbaya nje tu asiombe kukaa. Mpagazi wako apite kwa amani.

Ile alama ni swastika, ya heri, ilikuwepo maelfu ya miaka kabla ya huyo Mjerumani kuichukua na kuichafua. Utaiona vizuri Diwali, siku ya chopda pujan, ibada ya vitabu vya mahesabu. Muombe mama ubaki dukani jioni hiyo. Kile kitabu kipya cha mahesabu, wazee walikuwa na vile virefu vya jalada jekundu, kinafunguliwa ukurasa wa kwanza, inachorwa swastika kwa kumkumu, ule unga mwekundu, na kuandikwa "shubh" na "labh", yaani heri na faida, inawekwa sarafu na jani la tambuu, ndo mwaka wa biashara unaanza. Kesho yake mwaka mpya wa Kigujarati, watu wanaambiana "saal mubarak". Siku hizi kitabu ni laptop, nyumbani kwetu baba anaipaka nukta nyekundu juu ya kioo halafu mimi ndo naifuta na pamba na spiriti.

Tarehe: tunafuata mwezi kama Waislamu, Diwali ni usiku wa giza kabisa mwezi haupo, ndo maana taa. Lakini mwaka wa mwezi una siku 354, unapungukiwa kama 11, ndo maana Ramadhani inarudi nyuma mwaka hadi mwaka inazunguka misimu yote. Wazee wetu walikuwa wakulima na wafanyabiashara wa jahazi, hawakutaka sikukuu ihame msimu, wakaamua kila baada ya miaka miwili na nusu na kidogo unachomekwa mwezi mzima wa ziada, adhik maas. Ulichomekwa 2023, Diwali ikawa 12 Novemba. 2025 haukuwepo, ikawa 20 Oktoba. Mwaka huu wa 2026 umechomekwa tena, kwa hiyo ni 8 Novemba. Na kwa watu wa jahazi hesabu ilikaa vizuri, masika ya kule yameisha, vitabu vimefunguliwa, kaskazi inaanza kuvuma, unapandisha tanga kuja huku.

Mzee wa Kitumbini

Hiyo ya kaskazi kweli tupu, mzee wangu alikuwa kuli bandarini alikuwa anasema Wahindi wanakuja na upepo na madeni.

DadaWaKaunta

Mrejesho wadau, nimelala saa tisa usiku na miguu haipo.

Nilishuka mwendokasi Kisutu saa mbili, wakanipitia. Viatu tukaviacha nje, jamani vile viatu, sijui mia ngapi, rundo kama la mtumba Karume. Nikaingia kwenye duara, wa ndani wanaojua wanaenda kasi, wa nje sisi wageni na watoto. Unapiga hatua mbele, unarudi, unageuka, unapiga makofi, na duara zima linasogea upande mmoja kwa hiyo ukikosea huna pa kujificha, aliye nyuma yako anakufikia na makofi yake. Nilikosea nikagongana na baba mmoja mwenye tumbo akaniambia "pole dada, mimi pia sijui, tangu 1985". Nikaona nitoke.

Sasa mama mzaa bosi, Ba wa hapo, kikongwe, amekaa kwenye kiti cha plastiki na fimbo yake, akaniita. Kiswahili anaongea cha Pangani, kizito kuliko changu. Akanishika kiganja akanipigia makofi taratibu, mawili, mawili na hatua, "hiyo be tali", kisha matatu, "hiyo tran tali, usihesabu miguu mwanangu, hesabu mikono, miguu itakufuata yenyewe". Nilirudi nikazunguka mpaka aarti. Ile taa ikifika karibu joto lake unalisikia usoni. Sikupitisha mikono, nilifumba macho tu nikasali yangu. Prasad nilikula, sukari na nazi na vipande vya ndizi, labda zile zile nilizobeba.

Kutoka nje, viatu vyangu havipo. Vya ngozi, nimevinunua mwezi uliopita. Tumetafuta na tochi za simu mpaka mlinzi kachoka, kuna mtu kaondoka navyo sijui kwa kuchanganya sijui kwa makusudi. Mama anaona aibu, mkwe anataka kunipeleka peku kwenye gari. Ba akavua champali zake akazisukuma kwangu kwa ile fimbo, akasema kwa sauti watu wote wasikie:

"Vaa. Baniani mbaya, kiatu chake dawa."

Ukumbi mzima wa watu wa mlangoni ulilipuka. Mi nilicheka mpaka machozi.

Kisutu Ndani

Ba kamaliza kila kitu. Hiyo methali tumeimbiwa shuleni tangu darasa la kwanza, na mimi nilikuwa nikinuna. Baniani lenyewe kwetu ni vaniyo, mfanyabiashara tu, si tusi. Ila sijawahi kuona mtu anaitumia na kiatu mkononi.

Fundi Wiringi

Huyo bibi nimempenda. Champali namba ngapi?

DadaWaKaunta

37, mi navaa 39. Visigino vilikuwa nje lakini nimefika nazo Mbagala.